Tozo ikibadilika, utarekebisha sehemu ngapi?

Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza kukatwa nchini Tanzania. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 ikashushwa tena, na Oktoba baadhi ya miamala ikaondolewa kabisa kwenye tozo. Mwananchi aliyaona mabadiliko hayo kwenye meseji za simu yake. Watengeneza mifumo waliyaona kwa namna nyingine, maana kila badiliko liliwalazimu kutafuta upya ni wapi hasa hesabu ya tozo imeandikwa.

Chukua duka la jumla la Kariakoo lenye mfumo wa kuwalipa mawakala wake kwa simu. Hesabu ya tozo ilihitajika kwanza kwenye ukurasa wa malipo. Baadaye mwenye duka akataka ripoti ya mwezi, na kijana wa mfumo akakopi mistari ileile ya msimbo, yaani maagizo yanayoendesha programu, na kuipachika kwenye ripoti. Ikaja zamu ya meseji ya kumjulisha wakala makato yake. Akakopi tena, safari hii akabadilisha majina mawili matatu. Punguzo linapotangazwa, anakumbuka sehemu mbili. Ya tatu inaendelea na viwango vya zamani, wala mfumo haulalamiki, kwa sababu kwa kompyuta msimbo huo hauna kosa. Anayegundua ni wakala, na anagundua kwa kugomba.

Kurudia msimbo ni jambo linalomgusa hata asiyejua kuandika programu. Mwenye mfumo analipia marekebisho ya kitu kimoja mara tatu, na bado hana uhakika kama yamekamilika.

Macho peke yake hayatoshi kuvumbua marudio, hasa mfumo ukishavuka mistari elfu kadhaa. Zipo programu za kazi hiyo, na nyingi hazilipiwi. CPD, iliyo ndani ya PMD, programu ya bure ya kukagua msimbo, huukata msimbo katika tokeni, yaani majina, alama na namba moja moja, kisha hutafuta misururu ya tokeni inayofanana. Kikomo kinachotumika sana ni tokeni 100. Ukikishusha mno utazikwa na ripoti za vitu visivyo na maana. Marudio ya neno kwa neno hunaswa kwa urahisi. Yaliyobadilishwa majina tu, kama ile meseji ya wakala, hunaswa pale programu inapoagizwa kupuuza majina, na si kila lugha ya programu inaruhusu hivyo. Yaliyoongezwa mstari hapa na kupunguzwa pale ni magumu zaidi, na hapo hakuna mbadala wa mtu anayeusoma msimbo huku akiijua biashara yenyewe.

Ndugu wa marudio ni msimbo uliosokotana. Mwaka 1976 Mmarekani Thomas McCabe alipendekeza namna ya kuupima: anza na moja, kisha ongeza moja kwa kila mahali ambapo programu inapaswa kuchagua njia. Fankisheni, yaani kipande cha msimbo chenye kazi moja, ikizidi 10, alishauri igawanywe. Namba hiyo si msahafu, na yeye mwenyewe aliona kwamba orodha ndefu ya machaguo mepesi inaweza kusamehewa. Lakini nikikuta fankisheni yenye 40, siulizi tena kama ina hitilafu; nauliza ziko ngapi.

Msokotano haupangwi na mtu, hukua wenyewe. Zamani namba inayoanza na 0754 ilikuwa ya Vodacom, basi, na mifumo mingi ikaandikwa hivyo. Machi 2017 mteja akaruhusiwa kuhama mtandao akiwa na namba yake. Aliyekuwa na fankisheni safi akaanza kuiwekea “isipokuwa”, kisha “isipokuwa” ndani ya “isipokuwa”. Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, na waliotawanya jina la mtandao kwenye kila faili wakapata kazi ya ziada. Dawa ilikuwa kuacha kukisia mtandao kwa tarakimu za mwanzo, si kuendelea kuweka viraka.

Hata hivyo, tunawaonya vijana wanaotoka vyuoni na ari ya kuunganisha kila kinachofanana. VAT ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18 mwaka 2009. Tuseme kamisheni mnayowalipa mawakala wenu nayo ni asilimia 18. Hesabu ni moja kabisa, na CPD inaweza kukuonyesha kidole. Ukiziunganisha, siku mwenye duka anapandisha kamisheni, risiti zote zitatoka na VAT ya uongo, na hapo utaelezana na TRA. Kiwango kimoja hubadilishwa na Bunge, kingine na bosi wako. Kabla ya kuunganisha, uliza nani ana mamlaka ya kubadilisha kila kimoja. Wakiwa wawili, viache viwili.

Pakiwa na sababu ya kuunganisha, andika majaribio kwanza: kiasi fulani kikiingia, tozo iwe kiasi fulani. Ndipo uihamishie hesabu mahali pamoja, uelekeze sehemu zote huko, na ufute nakala za zamani badala ya kuzifunika “kwa tahadhari”. Desturi ya fani hii ni kuvumilia nakala ya pili na kuunganisha inapotokea ya tatu. Kwenye hesabu ya pesa mimi singoji ya tatu.

Kwa wanaonunua mifumo: muulizeni mtengenezaji, kabla ya malipo ya mwisho, kiwango cha VAT kikibadilika atagusa sehemu ngapi, na awaonyeshe. Mfumo mkongwe usiusafishe wote kwa mkupuo. Utavunja vinavyofanya kazi. Weka masharti kwenye msimbo mpya tu. SonarQube, programu nyingine ya kukagua msimbo, kwa mpangilio wake wa kawaida hukataa msimbo mpya wenye marudio yanayozidi asilimia 3, na msimbo wa zamani unaweza kusafishwa kila unapoguswa kwa sababu nyingine.