Kuhifadhi PDF ndani ya PostgreSQL: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Ukiweka faili kubwa kwenye jedwali, jedwali zima linakuwa zito.

Ukweli: Ukurasa wa PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata), yaani kipande kimoja cha hifadhi yake, ni kilobaiti 8, na rekodi haiwezi kuvuka ukurasa. Rekodi ikizidi takriban kilobaiti 2, TOAST, utaratibu wake wa ndani wa kushughulikia thamani kubwa, hujaribu kubana thamani zake kubwa. Ikiwa kubana hakutoshi, huzikatakata vipande vya karibu baiti 2,000 na kuvipeleka jedwali la pembeni, huku kwenye rekodi kikibaki kiashiria cha baiti 18 tu. Ukiomba namba ya mkataba na tarehe, vipande hivyo haviguswi. Hata ukibadilisha tarehe kwa UPDATE, PDF haiandikwi upya. Mchawi ni SELECT *, amri inayoomba safu (column) zote, na ORM nyingi, yaani maktaba zinazokuandikia amri za SQL, huvuta safu zote bila kukuuliza. Tenga safu ya bytea (aina ya data ya kuhifadhi baiti za faili) kwenye jedwali lake, tuseme maudhui, na uliite pale tu mtu anapofungua waraka.

Dhana: Hifadhidata itabana faili, nafasi itaokolewa.

Ukweli: JPEG imeshabanwa, DOCX ni ZIP iliyovaa jina jingine, na PDF nyingi zimebanwa ndani kwa ndani. Seva inahangaika bure. Izuie:

ALTER TABLE maudhui ALTER COLUMN data SET STORAGE EXTERNAL;

Amri hii hugusa data zitakazoingia baadaye, si zilizokwishakuwamo. Faida yake nyingine ni kwamba substring(), inayochukua sehemu tu ya thamani, husoma vipande inavyovihitaji tu. Na tafadhali, usihifadhi Base64 (faili iliyogeuzwa herufi za kawaida) kwenye safu ya text: kila baiti 3 huwa herufi 4, yaani MB 9 zinageuka MB 12.

Dhana: bytea inabeba hadi GB 1, basi tumalize hapo.

Ukweli: Inabeba, ila kuitoa ndiyo kasheshe. Kwa maandishi ya hex (namba za msingi wa 16) kila baiti huchukua herufi 2. Faili ya MB 600 iliyoingizwa kama baiti zenyewe, si maandishi, itapokelewa vizuri, kisha siku ya kuchukua nakala rudufu, pg_dump (programu ya kazi hiyo) itagoma na ujumbe "invalid memory alloc request size". Isitoshe, thamani nzima hupakiwa kwenye RAM. Faili zikivuka makumi ya megabaiti, afadhali large object, njia ya PostgreSQL ya kuweka faili kando na rekodi ikabaki na namba yake tu: kikomo chake ni TB 4, na kitendakazi lo_read husoma kidogo kidogo. Kasoro yake ni kwamba ukifuta rekodi, faili hubaki yatima. Weka triga (amri inayojiendesha rekodi inapobadilika) ya lo_manage, au endesha vacuumlo, programu ya kufuta mayatima hao, mara kwa mara.

Dhana: Ukifuta nyaraka, diski inapumua.

Ukweli: Si mara moja. VACUUM, amri ya kusafisha rekodi zilizofutwa, huifanya nafasi itumike tena na jedwali lilelile, lakini kwa kawaida haipunguzi faili kwenye diski. VACUUM FULL huipunguza, ila hulifunga jedwali hata kwa wasomaji na huandika nakala mpya yake kabla ya kutupa ya zamani. Diski ikiwa imeshajaa, haitafika mwisho.