Point of Grace hawakuvunjika mwaka 2008

Huenda ukadhani Point of Grace, kundi la akina dada wa Injili lililoanzia Chuo Kikuu cha Ouachita Baptist, Arkansas, mwaka 1991, lilikufa Heather Payne alipoondoka 2008. Si kweli! Terry Jones alipotoka awali, Leigh Cappillino alishika nafasi yake. Heather alipoondoka pengo halikuzibwa, wakabaki watatu na 2010 wakatoa albamu.

Kazi kubwa waimbaji wanne wanapobaki watatu ni kugawa sauti upya. Kwenye kodi (noti zinazoimbwa kwa pamoja) ya do-mi-so-do, do ya juu ni marudio, iachwe. Ukiipoteza mi, sauti zinabaki tupu, msikilizaji hajui kama ni furaha au majonzi. Kwenye kodi ya so-ti-re-fa, ya kuachia ni re. Ti na fa zisiguswe, ndizo zinazovuta kurudi kwenye kodi ya do.