Kangen: Muziki wa Ala Tupu wa Kasri la Japani

Kangen ni upigaji wa ala peke yake, bila wachezaji wala waimbaji, katika gagaku, yaani muziki wa kale wa kasri la mfalme wa Japani. Wachezaji wanapoingia jukwaani onyesho huitwa bugaku, na hapo ala za nyuzi kwa kawaida huachwa. Sehemu kubwa ya muziki huu ilitoka China na Korea, ikapata makao rasmi mwaka 701 sheria za Taiho zilipoweka idara ya muziki ya serikali.

Jukwaani ngoma na kengele hukaa mbele, biwa yenye nyuzi 4 na koto yenye nyuzi 13 katikati, na ala za kupuliza nyuma. Kati ya hizo za nyuma, inayonivuta zaidi ni sho, fungu la mianzi 17 ambayo 2 kati yake haitoi sauti. Mpigaji wake hutoa sauti akivuta pumzi na akiitoa, hivyo mlio hutanda mfululizo juu ya wenzake, na asipopuliza huipasha ala yake joto ili unyevu usiharibu vilimi vya chuma vilivyomo ndani. Wimbo wenyewe hubebwa na ryuteki, filimbi ya ubavu, pamoja na hichiriki, ala fupi ya sentimita 18 hivi inayopulizwa kwa tete la midomo miwili kama zumari ya pwani yetu, na yenye sauti kali kuliko umbo lake.

Hakuna mwongozaji anayesimama mbele na kijiti. Kwanza hupigwa netori, utangulizi mfupi wa kuwaweka wote katika sauti moja. Kisha ryuteki ya kiongozi huanza peke yake, midundo ikaifuata, halafu sho, hichiriki, biwa na koto huingia kwa zamu. Mpigaji wa kakko, ngoma ndogo ya pande mbili, ndiye anayeshika mwendo, ambao huanza polepole mno na kukazika kidogo kidogo, kiasi kwamba msikilizaji mwenye haraka hudhani hakuna kinachobadilika. Mwishoni viongozi wa kila ala hubaki wenyewe, na nyuzi za biwa na koto ndizo zinazofunga.

Kwa anayeanza, ningependekeza Etenraku, utungo unaojulikana kuliko yote ya gagaku na unaosikika pia katika arusi za Kishinto, kwa kuwa sehemu zake hurudiwa na sikio hupata nafasi ya kuzizoea.