Handaki la Maji Kuzunguka Shamba: Tope Lake Linatueleza Nini

Neno handaki, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, humpeleka msomaji moja kwa moja vitani. Wengi wetu tulilisikia kwanza katika habari za Vita vya Khandaki, pale Madina ilipochimbiwa mtaro mwaka 627 ili kulizuia jeshi la Makka. Kwa hiyo ninapowaonyesha wageni mabonde ya mraba yaliyoota nyasi katika mashamba ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza, swali la kwanza huwa lile lile: wenyeji walimwogopa nani?

Kwa kawaida hawakuogopa jeshi lolote. Uingereza ina takriban maeneo 6,000 ya namna hii yanayojulikana, mengi yakiwa katikati na mashariki ya nchi, na yaliyo mengi yalichimbwa kati ya mwaka 1250 na 1350. Baadhi yalikuwa makazi ya mabwana wa ardhi, mengine ya wakulima waliojiweza: kisiwa cha mraba chenye nyumba, ghala na pengine mazizi, kilichozungukwa na maji ambayo yangemzuia mwizi au ng'ombe mtoro, lakini si askari waliodhamiria. Yapo hata mahandaki yenye pande tatu tu.

Sababu ya kwanza iko ardhini. Udongo mzito wa mfinyanzi ulioachwa na barafu ya kale haupitishi maji kwa urahisi, hivyo mtu aliyechimba handaki alipata mambo mawili kwa jasho moja: maji yalitiririkia mtaroni, na udongo uliotoka ukainua kiwanja cha nyumba. Samaki walifugwa humo, mifugo ilinyweshwa, na paa la nyasi liliposhika moto maji hayakuwa mbali. Hata hivyo mimi naiweka heshima mbele ya hayo yote. Bei ya nafaka ilikuwa imepanda, vibarua walikuwa wengi na ujira wao mdogo, na mwenye ziada alitaka kwake kufanane, japo kwa mbali, na ngome ya mkubwa wake.

Kwa mchimbaji, kisiwa chenyewe mara nyingi huvunja moyo, kwa sababu nyumba za mbao huacha alama hafifu na jembe la trekta humalizia zilizosalia. Utajiri umo mtaroni. Katika tope lililolowa, ambamo hewa haifiki, viatu vya ngozi, mbegu, chavua na magogo ya daraja hudumu kwa karne nyingi. Na gogo la mwaloni likiwa bado na gamba lake, pete zake zinaweza kutuambia mti ulikatwa mwaka gani.

Hapa ndipo wanafunzi wangu hukosea. Handaki lilizolewa tope mara kwa mara, kwa hiyo vigae vya vyungu vinavyopatikana kwenye tabaka la chini kabisa kwa kawaida havitupi tarehe ya kuchimbwa kwake, bali wakati ambapo watu waliacha kulisafisha. Anayetafuta mwanzo wake sharti achimbe kisiwani, chini ya udongo uliotupwa na vibarua wa kwanza, hadi aifikie ardhi ya zamani waliyoifunika, pamoja na vigae vilivyokuwa vimelala juu yake asubuhi ile kazi ilipoanza.