Meza ya reli ya mfano ni nini, na huchaguliwaje?

Anayesikia "meza ya reli ya mfano" kwa mara ya kwanza huwaza meza ya kulia chakula iliyotandazwa reli ndogo juu yake. Sivyo. Reli ya mfano ni reli na treni halisi zilizopunguzwa ukubwa, na meza hapa ni ardhi yake. Kazi inayofanywa na tuta na kokoto chini ya mataruma pale stesheni ya Tabora, meza ndiyo huifanya chini ya treni ndogo: kubeba njia bila kuyumba wala kujikunja, masika na kiangazi. Meza ya chakula ni fupi mno kwa kazi hii, haina pa kupitishia nyaya kwa chini, na jioni wenyewe wanaitaka.

Kinachopanga ukubwa wa meza ni kona. Kipimo kinachotumika zaidi duniani huitwa HO: kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli zimeachana milimita 16.5. Hapo mtu wa Tabora asimame kidogo. Hizo 16.5 ni SGR iliyopunguzwa, ile reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435. Reli yetu ya kati ya zamani, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja tu. Ipunguze mara 87, unapata kama milimita 11.5, ndiyo maana waundaji wa reli za mita moja hutumia njia ya milimita 12. Amua kwanza unaunda reli ipi, kisha ndipo umwite fundi.

Kona ya HO inayohesabiwa kuwa ndogo kabisa kwa treni nyingi ina nusu kipenyo cha inchi 18, yaani sentimita 46 hivi. Duara lake lina kipenyo cha sentimita 92, na ukiongeza nafasi ya pembeni ili behewa lisianguke sakafuni unafika kwenye sentimita 122, ambazo ndizo futi 4. Kwa hiyo plaiwudi nzima ya futi 4 kwa 8, ileile inayouzwa kwenye maduka yetu ya vifaa vya ujenzi, imekuwa meza ya kwanza ya watu wengi huko Marekani. Lakini kona hiyo, ukiikuza mara 87, ni ya mita 40 tu. Hakuna treni ya abiria ya Kigoma inayoweza kupinda hapo. Mabehewa marefu yataonekana yamekatika katikati, kwa hiyo kama chumba kinaruhusu, panua kona. Kama hakiruhusu, kuna kipimo cha N, mara 160, chenye njia ya milimita 9. Huko kona ya sentimita 25 inakubalika, na meza ya sentimita 70 inatosha kuzungusha treni.

Baada ya kona, mkono wako. Mtu mzima hufikia kama sentimita 75 bila kulalia mandhari. Meza ya futi 4 ikisukumwa ukutani, treni iliyoanguka nyuma hutaifikia. Ni lazima uizunguke, na kila upande ubaki na sentimita 60 za kupita. Chumba cha futi 10 kwa 10 hakitoshi.

Ndiyo maana mimi napendelea rafu. Rafu ya sentimita 45 au 50 inayofuata ukuta mmoja na kukunja kona kwenye ukuta wa pili inaacha katikati ya chumba wazi, na inafanana zaidi na reli yenyewe. Kigoma ni mwisho wa njia, ziwa liko mbele, na treni haizunguki pale, inaingia na kurudi ilikotoka. Tabora ndipo njia ya Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, inapoachana na ile ya Kigoma, na mabehewa hupangwa upya hapo. Stesheni moja ya namna hiyo inatosha kukupa kazi miaka mingi. Usijaribu safari nzima: Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 400, na hata kwa HO ungehitaji rafu ya zaidi ya kilomita nne na nusu.

Kimo: kati ya sentimita 100 na 130, ili uitazame treni ubavuni kama uliyesimama jukwaani. Mtoto mpe stuli imara.

Mbao ndiyo iliyonifunza. Fremu yangu ya kwanza niliinunua mwezi Februari, mvua zikinyesha, mbao mbichi ya msonobari kwa bei nzuri. Ilipofika Septemba, kiangazi cha Tabora kimeikausha, upande mmoja ulikuwa umejikunja. Ukingo wa gurudumu la behewa dogo ni wa takriban milimita moja tu. Reli ikipanda zaidi ya hiyo, gurudumu linatoka. Treni ilianguka palepale kila siku, nikaing'oa njia yote. Fremu ya pili ni ya mninga uliokauka vizuri. Ni ghali, lakini mninga haujikunji ovyo na mchwa hauupendi. Juu nikaweka plaiwudi ya milimita 12, na mihimili ya chini kila sentimita 40, yote imetobolewa matundu ya nyaya kabla ya kupigwa skrubu. Chipubodi niliikataa, kwani ikinusa unyevu inavimba.

Kila mguu una bolti ya kupandisha na kushusha, maana sakafu za nyumba zetu hazijanyooka. Kabla ya kulaza taruma la kwanza, weka pima maji, kisha laza kipande cha reli na behewa moja tupu juu yake. Ondoa mkono. Behewa likisogea lenyewe, rudi chini ya meza na spana.