Moyo kwenda mbio ghafla: si lazima awe shetani

Unguja na Pemba wengi tumekulia kwenye kauli hii: mtu mzima wa afya akianza ghafla kutetemeka, pumzi zikambana na moyo ukamwenda mbio, basi amepandwa na shetani, au roho inataka kutoka. Aliyewahi kuiona hali hiyo halaumiki kuogopa. Inatisha kweli.

Mara nyingi, lakini, ni shambulio la hofu. Chukua abiria wa boti ya Pemba: mkondo wa Nungwi wenye mawimbi hata hawajaufikia, bahari shwari, naye jasho linamtoka na vidole vinamfa ganzi. Ubongo umepiga king'ora pasipo na moto. Adrenalini, homoni ambayo mwili huitoa ukihisi hatari, inaukimbiza moyo, na kwa kuhema harakaharaka anatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi. Hapo ndipo kizunguzungu na ile ganzi vinapotoka.

Kuhakiki, tazama saa. Kwa kawaida hofu hii hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe, umefukizwa au hukufukizwa. (Ndiyo maana ubani huonekana umefanya kazi.) Wakati huo vuta pumzi polepole kwa pua, uitoe kwa muda mrefu zaidi, nyayo zikiwa chini. Kisomo kikikutuliza, soma. Hakigombani na daktari.

Ila ikikutokea mara ya kwanza, nenda hospitali ukapimwe, kwani maradhi ya moyo na upungufu wa damu hufanana nayo. Na maumivu ya kifua yanayoshukia mkononi hayangojwi kwa saa.