Je, wajua kwa nini broila anakua wiki sita tu? Sio sindano

Kila nikisimama kwa muuza chipsi hapa mtaani lazima nimkute mtu anasema kuku wa kisasa wanachomwa sindano za kukuza, ndo maana kifaranga wa juzi leo yupo kwenye karai. Mimi nafuga broila, banda la kuku mia mbili, na hiyo sindano sijawahi kuiona. Homoni ya ukuaji ni protini, ukimchanganyia kuku kwenye chakula inameng'enywa tumboni kama dagaa tu, na ukisema umchome itabidi ukamate kuku mmoja mmoja kila siku, nani ana muda huo?

Siri iko kwenye mbegu. Marekani kati ya 1946 na 1948 walifanya shindano la kumtafuta "Kuku wa Kesho", yaani kuku mwenye kidari kinene na anayekua haraka. Mayai ya wafugaji yalitotoleshwa pamoja, vifaranga wakalelewa sehemu moja halafu wakapimwa. Tangu hapo kila kizazi wanachaguliwa wanaokua haraka, wanazalishwa, watoto wao nao wanachaguliwa, hivohivo hadi leo.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada. Wao walikuwa wametunza mbegu ya 1957 na ya 1978 bila kuibadilisha, wakazilea pamoja na broila wa 2005, chakula kilekile kwa wote. Siku ya 56 yule wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, wa 2005 gramu 4,202. Chakula kimoja jamani! Kwa hiyo tofauti yote ni damu.

Sasa shida ndo inaanzia hapohapo, maana nyama imekimbia na mwili uliobaki umeachwa nyuma. Moyo na mapafu vinazidiwa, ndo unakuta kuku tumbo limejaa maji, au kuku aliyekuwa anakula vizuri tu unamkuta chali amekufa. Miguu nayo. Wiki ya tano ukiingia bandani alfajiri utamwona mmoja anataka kwenda kwenye maji, ananyanyuka, hatua mbili tatu, anakaa tena, anapumzika huku kidari kimelala kwenye maranda yaliyoloa. Mgeuze umwangalie: manyoya ya kifuani yameisha, na kwenye kifundo cha mguu ngozi imeungua kwa amonia ya kinyesi chake mwenyewe.

Na usidhani hasikii maumivu. Uingereza waliwahi kuwawekea kuku wanaochechemea vyakula viwili, kimoja kina dawa ya maumivu kingine hakina, wakawa wanachagua chenye dawa, na kadiri mguu ulivyokuwa mbaya ndivyo walivyokula zaidi. Hukohuko mwaka 2008 ikatoka ripoti ya kuku kama 51,000 waliokaguliwa wakiwa na wastani wa siku 40: asilimia 27.6 walikuwa wanatembea vibaya, na asilimia 3.3 karibu hawawezi kutembea kabisa. Mimi hiyo ya dawa iliniuma sana, kwa sababu miaka yote nilikuwa nawaona wamekaa nikidhani wameshiba.

Kuna kitu unaweza kufanya bila kubadilisha mbegu. Wengi wetu tunaacha taa inawaka usiku kucha ili wale, wakati sheria ya Umoja wa Ulaya inataka wapate giza masaa sita kwa siku, na manne kati ya hayo yawe mfululizo. Siku hizi nazima taa, wanalala. Na maranda nayageuza mara kwa mara, yakiloa natoa.

Lakini taa haibadilishi damu, dawa yenyewe ni mbegu inayokua polepole. Huku kwetu tayari tunao Saso na Kuroila, wanachukua muda mrefu kuliko broila lakini wanatembea, wanaparura, wanaruka kwenye kichanja. Chakula kinaenda zaidi, hilo nakubali, kwa hiyo bei lazima ipande na hapo ndo wateja wanakimbia. Bachi ijayo naweka Saso hamsini pembeni ya broila, nimeshaongea na mama lishe mmoja wa karibu na stendi, amesema nyama ikiwa ngumu kidogo wateja wake hawana neno, wanapenda supu.